Muhavura jioni na watu mbele yake: mbona mlima unageuka kichuguu?

#1 Kisoro_Lenzi
Habari za jioni wadau. Ukisimama Kisoro mjini, kusini-magharibi ya Uganda, volkano ya Muhavura inakujaa machoni: kilele mita 4,127, na mji wenyewe uko kama mita 1,900. Sasa msimamishe mtu mbele, jua likishazama, piga. Kwenye picha mtu anakuwa jitu na mlima kichuguu. Ukimwondoa mtu, mlima unakosa kipimo, mtazamaji anaweza kudhani ni rundo la mchanga wa jirani anayejenga.
Msimamo wangu: kosa ni lenzi pana. Hii milimita 24 au 26 ya simu ndiyo inayoua mlima. Anayebisha aje na namba.

#2 Mzee_Tripodi
Nabisha, na namba hizi hapa. Kutoka mjini hadi kileleni ni kama km 11 kwa mstari ulionyooka. Mlima umekuzidi kimo kwa mita 2,200. Gawa 11,000 kwa 2,200, unapata 5. Zidisha urefu wa mtu, mita 1.7, kwa 5: mita 8.5. Mtu akisimama mita 8.5 mbele ya kamera, kimo chake na kimo cha Muhavura vinalingana kwenye fremu. Lenzi yoyote utakayofunga, 16 au 600, vitalingana tu.
Wengi humweka mtu mita 3, ili uso uonekane. Hapo amekuwa karibu mara tatu ya mlima. Lenzi imekosa nini? Ukitaka awe sehemu moja ya kumi ya mlima, mpeleke mita 85. Moja ya ishirini, mita 170. Mtu kwanza, lenzi baadaye.

#3 Nyabo_wa_Mutanda
Asante mzee kwa hesabu. Kwa sisi wa upande wa ziwa: ukiwa kaskazini ya Ziwa Mutanda, Muhavura iko km 20 hivi, na maji yako mita 1,800. Kwa hiyo 20,000 kwa 2,327 ni kama 8.6. Mtu analingana na mlima akiwa mita 14.6, na moja ya kumi ni mita 145. Nimekosea?

#4 Mzee_Tripodi
Hujakosea dada. Sasa ndipo lenzi inaingia. Kwa kamera ya fremu kamili, picha ya kulala ina kimo cha milimita 24 kwenye kihisio. Kutoka mjini, gawa urefu wa lenzi kwa 5: lenzi ya 26 inakupa mlima wa milimita 5.2, sawa na sehemu moja ya tano ya fremu. Lenzi ya 100 inakupa milimita 20, mlima umejaa. Kwako Mutanda gawa kwa 8.6: lenzi ya 135 inatoa milimita 15.7, theluthi mbili za fremu, inabaki nafasi ya anga juu na maji chini.

#5 Kisoro_Lenzi
Kwa hiyo lenzi pana INA hatia, mlima wa milimita 5 si mlima.

#6 Mzee_Tripodi
Ina hatia ya udogo wa vyote viwili. Uwiano ni wa miguu yako. Usinipeleke mahakamani kwa kosa la mwingine.

#7 KijanaWaMbale
😂 Wazee wa kalikuleta. Njooni Mlima Elgon, mashariki ya nchi, kilele Wagagai mita 4,321, kirefu kuliko hiyo Muhavura yenu. Na jioni mwanga unaupiga usoni kwa sababu mji wetu wa Mbale uko magharibi ya mlima.

#8 Kivulini
#7 mwanga umesema kweli, urefu pia, lakini Elgon ndiyo mlima mgumu kuliko yote kwa jambo hili. Ni volkano iliyolala kama sahani iliyofunikwa, kitako chake kama km 80 kutoka upande hadi upande. Ukiwa Mbale huoni kilele, unaona ukuta wa mwamba wa Wanale. Weka mtu, weka ng'ombe, weka basi, mtazamaji atasema "jabali zuri". Muhavura ina umbo la pia iliyopinduliwa, mtoto wa chekechea akiiona anajua ni volkano.

#9 KijanaWaMbale
Wanale jioni ni nyekundu kama tofali. Hilo mtalijibu lini?

#10 Dakika_Tatu
Tusitoke njiani. Mwanga wa Kisoro unauelewa ukikumbuka kwamba Muhavura iko kusini ya mji, karibu kusini kabisa. Jua linazama magharibi, kwa hiyo jioni mlima unaangazwa ubavu wa kulia na wa kushoto unabaki kivuli. Ndiyo maana dakika 20 kabla ya jua kuzama makorongo yanaonekana moja moja, na jua likishakwenda yanafutika yote kwa pamoja.
Na hapa ikweta haina subira. Baada ya jua kuzama mwanga hupungua nusu kila dakika 3 hivi. Dakika 21 au 22 na utusitusi wa kwanza umekwisha. Mtu aliyezoea picha za Ulaya, ambako jioni inajikokota saa nzima, huku anafunga tripodi na giza limeshaingia.
Namba za kuanzia, kama dakika 10 baada ya jua kuzama: uwazi wa lenzi f/4, wepesi wa kihisio ISO 800, shata sekunde 1/15. Halafu kila dakika 3 ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, popote utakapoitoa.

#11 Bwana_f16
f/4? Mtu yuko mita 85 na mlima km 11, utapata fokasi ya kimoja tu. Lazima f/16, vitu vyote viwe vikali.

#12 Dakika_Tatu
Jina lako linakuponza ndugu. Lenzi ya 100 kwa f/4, ukifokasi mita 83, kila kitu kuanzia mita 42 hadi mwisho wa macho ni kikali kwa kipimo cha kawaida cha fremu kamili. Maana yake ukimfokasi yule mtu wa mita 85, Muhavura imeingia bure. Lenzi ya 135 kwa f/4 umbali huo ni mita 152, na mtu wa #3 yuko 145. Ameingia pia.
Kutoka f/4 hadi f/16 ni stopu 4. Stopu 4 kwa jioni ya hapa ni dakika 12. Umeitupa nusu ya jioni kwa ajili ya ukali uliokuwa nao tayari.

#13 Bwana_f16
Na lenzi ya 200?

#14 Dakika_Tatu
200 kwa f/4 ni mita 333. Hapo nenda f/8, inashuka hadi kama 167, na ukifokasi hapo ukali unaanzia mita 83. Mtu wa mita 85 amepenya kwa kucha. 200 kwa mtu wa mita 170 ndiyo ndoa nzuri.

#15 Kivulini
Namba zenu nzuri, lakini jioni mtu anatoka mweusi kama kivuli, na mnampima mbele ya mlima mweusi. Chukua kamera ya kimo cha macho, uwanja tambarare. Kichwa cha mtu yeyote wa kimo chako, awe mita 8 au mita 170, kinaangukia kwenye mstari wa upeo wa macho. Mwili wote uko chini ya mstari huo. Nyuma yake kuna nini? Shamba, mikaratusi na kitako cha mlima, vyote giza. Ndipo mtu anapotea, na kipimo kimekwenda naye.
Kumpandisha juu ya anga ni shida pia, kwa sababu Muhavura inakaa nyuzi 11 juu ya upeo wa macho. Mtu wa mita 85 ili kichwa chake kifike huko anahitaji kusimama juu ya jengo la ghorofa tano. Kwa hiyo njia zilizobaki ni mbili: mtu mwenye nguo nyeupe mbele ya ubavu mweusi, au mtu mwenye nguo nyeusi mbele ya maji.

#16 Nyabo_wa_Mutanda
Maji! Ndiyo maana nasema njooni ziwani. Ukipanda kilima juu ya Mutanda ukatazama kusini, maji yanarudisha anga, yanabaki meupe kwa dakika nyingi baada ya nchi kavu kuwa masizi. Mtumbwi wa gogo na mtu aliyesimama nyuma na kasia, anaonekana hadi nafasi kati ya mkono na kiuno. Hiyo nafasi ndiyo inayosema "huyu ni mtu". Akiketi anakuwa kisiki.

#17 Dakika_Tatu
Angalia shata tu. Mtumbwi ukiteleza nusu mita kwa sekunde, umbali mita 145, lenzi 135: kwa 1/15 umeburuzika pikseli 5 hivi kwenye kamera ya megapikseli 24. Kwa 1/60 ni pikseli moja na kitu. Kwa hiyo pale nilipoandika ISO 800 na 1/15, kwa mtumbwi andika ISO 3200 na 1/60. Mwanga ni uleule.

#18 Jembe_na_Lenzi
Kwa wa nchi kavu: mashamba ya Kisoro yamejaa marundo ya mawe ya volkano yaliyokusanywa na wakulima. Jina lenyewe la Gahinga, volkano ya jirani, linasemwa ni rundo la mawe. Msimamishe mtu juu ya rundo, kamera iteremke hadi gotini. Hafiki angani, #15 amesema kweli, lakini anatoka kwenye mikaratusi na kuingia kwenye ubavu wa mlima, ambao jioni una buluu ya mbali kidogo, si mweusi kabisa.
Nguo: nyeupe au njano. Watu hupenda koti jekundu kwa sababu mchana linaita. Baada ya jua kuzama mwanga uliobaki ni wa anga la buluu, mwekundu umekwisha, koti jekundu linakuwa kama kahawa iliyomwagika. Mwavuli mweupe ni bora kuliko koti lolote, unaongeza eneo bila kuongeza kimo.

#19 Kisoro_Lenzi
Mwavuli unaharibu kipimo. Mtazamaji anajua kimo cha mtu, kimo cha mwavuli hakijui.

#20 Jembe_na_Lenzi
Mwavuli kila mtu anao nyumbani, mbona.

#21 Kisoro_Lenzi
Wa pwani au wa gofu?

#22 KijanaWaMbale
Uzi umefika kwenye miavuli, tumekwisha.

#23 Mwalimu_Kasoko
Turudi kwa swali la #1, kwa sababu naona mmejibu "namna ya kufanya" na kuacha "kwa nini". Hata mtu akiwekwa mita 85 mlima bado hauna ukubwa wake kamili. Sababu: mtu wa mbele anapima shamba alilosimama, hapimi mlima. Jicho linajua mlima uko mbali, lakini mbali kiasi gani? Picha haisemi. Mtu wa kipimo cha kweli ni yule aliye juu ya mlima wenyewe, kwa umbali uleule.

#24 Mzee_Tripodi
Mwalimu, kwa km 11 mtu wa mita 1.7 na lenzi ya 400 anaacha alama ya milimita 0.06 kwenye kihisio. Pikseli 10. Hiyo ni chembe ya vumbi, utaifuta ukisafisha picha.

#25 Mwalimu_Kasoko
Ndiyo maana mahali pa kujifunzia si Muhavura. Nenda Katwe. Ziwa la chumvi limekaa ndani ya kasoko, yaani shimo la mlipuko wa volkano, na kasoko zimejaa eneo lile la Hifadhi ya Queen Elizabeth. Simama ukingoni, chini kuna watu kwenye vijishamba vya chumvi, wako ndani ya volkano, umbali mmoja na kuta zake. Hakuna hesabu, hakuna mwavuli. Mtu na volkano viko kwenye mizani moja.

#26 Kisoro_Lenzi
Kasoko ni shimo, mimi nataka mlima.

#27 Mwalimu_Kasoko
Volkano haikuambiwa lazima isimame.

#28 Safari_Njema
Salamu kwenu. Kama ni mlima na watu, mbona hamjataja Rwenzori? Ni volkano ndefu kuliko zote Uganda na jioni ina theluji.

#29 Mwalimu_Kasoko
Rwenzori si volkano. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu na nyufa za Bonde la Ufa. Margherita mita 5,109 ndiyo, lakini haikutapika kitu. Za volkano jirani yake ni zile kasoko za Fort Portal na Katwe.

#30 Safari_Njema
Nimepokea. Na moshi unaotoka Muhavura?

#31 Jembe_na_Lenzi
Ni mawingu yanayokwama kileleni, au wakulima wanachoma magugu chini. Muhavura, Gahinga na Sabinyo zimelala. Zinazowaka kwenye safu hiyo ziko Kongo: Nyiragongo, mita 3,470, na Nyamulagira, 3,058.

#32 Jirani_wa_Goma
Nyiragongo ililipuka 2020 ikashuka hadi ukingoni mwa Goma. Mng'ao wake huwa mnauona huko Kisoro usiku?

#33 Mwalimu_Kasoko
2021. Mei 22, jioni. Kabla yake Januari 2002, lava ikakata katikati ya mji, na kabla ya hapo Januari 1977.

#34 Jembe_na_Lenzi
Mng'ao unaonekana, si kila usiku. Unaouona Kisoro ni wekundu uliopakwa chini ya mawingu upande wa magharibi kuelekea kusini, km 55 hivi. Lava ikishuka ndani ya kasoko au mawingu yakiwa mazito, hakuna kitu. Kwa siku nzuri: lenzi 24, f/2.8, ISO 1600 hadi 3200, sekunde 8 hadi 15. Usivuke sekunde 20 kwa lenzi hiyo, nyota zinaanza kuwa mistari.
Mtu wa kipimo hapo asimame kama nguzo. Sekunde 10 bila kutikisika ni nyingi, mwambie aegemee kitu na atoe pumzi polepole. Mwenye jembe begani anatulia kuliko mwenye mikono mitupu.
Na kuvuka mpaka kwenda kuitafuta kwa karibu, kwa hali ya usalama ya upande ule, msijaribu.

#35 Dakika_Tatu
Mkiwa huko mpakani, saa ya simu. Simu ikishika mnara wa Rwanda au Kongo inarudi nyuma saa moja, kwa sababu wao wako nyuma yetu. Unasoma saa 12:05, unajiambia bado dakika nyingi, kumbe ni saa 1:05 na jua linazama. Zima saa ya kujiseti, weka ya Kampala kwa mkono. Kamera pia.

#36 KijanaWaMbale
Saa 1:05? Huku Mbale jua linazama saa 12:45 hivi.

#37 Dakika_Tatu
Kisoro iko nyuzi 4.5 magharibi yenu, ambazo ni dakika 18. Kwa mwaka mzima Kisoro jua linazama kati ya saa 12:48, mwanzoni mwa Novemba, na saa 1:19, katikati ya Februari. Ukisikia mtu anasema "ikweta jua ni saa 12 kamili kila siku" mpe maji ya kunywa.

#38 Kivulini
Ongeza kwamba kileleni jua halizami wakati mmoja na mjini. Mita 2,200 juu yako, kilele kinaona mbali zaidi, kinabaki na mwanga kama dakika 5 za ziada. Hizo dakika 5 ndizo za dhahabu: mtu tayari yuko kivulini, kilele bado chekundu. Hapo hata mtoto ataona ukubwa, mlima umefika mahali ambapo jua bado lipo.

#39 Jembe_na_Lenzi
Dakika 5 kwa upeo wa macho ulio wazi. Novemba hadi Januari jua linazama upande wa Mikeno, volkano ya Kongo, na Mikeno ni mita 4,437, imeizidi Muhavura. Inalikata mapema. Machi hadi Septemba njia iko wazi zaidi, magharibi yake kuna Gahinga na Sabinyo tu, zote fupi.

#40 Kivulini
Halafu Juni hadi Agosti kuna vumbi na moshi wa kuchoma mashamba, hata kilele hukioni vizuri.

#41 Jembe_na_Lenzi
Basi Aprili na Mei, au Septemba, jioni iliyofuata mvua ya mchana. Mvua inaosha hewa. Mawingu yakijifungua saa 12 na nusu, una nusu saa.

#42 Kisoro_Lenzi
Na hapa ndipo naongeza sababu ya tatu. Labda si lenzi, si mtu, ni hewa. Ile buluu ya mbali ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba mlima uko km 11. Hewa ikioshwa kabisa, Muhavura inaonekana imesogea hadi nyuma ya kanisa. Picha safi sana ndizo zinazoutia ukichuguu.

#43 Bwana_f16
Ngoja. Wewe ulianza na "kosa ni lenzi pana, anayebisha abishe."

#44 Kisoro_Lenzi
Nimebishiwa. Si ndio kazi ya uzi?

#45 Kivulini
Mimi naona ni kinyume. Jioni inaua rangi za kati. Mchana mlima una makorongo, msitu wa mianzi, mstari wa mashamba, ngazi kumi za ukubwa. Jua likizama inabaki pembetatu moja nyeusi, na pembetatu haina ukubwa. Acha hewa.

#46 Mwalimu_Kasoko
Kuna na jicho lenyewe. Ukisimama pale unatazama mlima peke yake, kichwa kimesahau shamba, nguzo za umeme na choo cha jirani. Kamera haisahau, inavipa vyote nafasi sawa. Kunja kiganja kama bomba, tazama Muhavura kupitia humo. Wengine wanasema inapungua, wengine inaongezeka. Jaribuni kabla ya kulaumu vioo.

#47 Nyabo_wa_Mutanda
Nimekunja. Imepungua.

#48 Safari_Njema
Mimi imeongezeka 😅

#49 Boda_na_Picha
Sisi wa simu je? Simu yangu ina lenzi ya 3x lakini jioni picha inakuwa kama uji.

#50 Dakika_Tatu
Mwanga ukipungua simu nyingi huiacha lenzi ya 3x kimyakimya kwa sababu ni yenye giza, zinachukua lenzi kuu na kuikuza. Jipime: kwenye 3x, ziba lenzi ya 3x kwa kidole. Picha isipoingia giza, unadanganywa. Piga mapema zaidi, dakika 5 tu baada ya jua kuzama, au tumia programu inayoshikilia lenzi kwa mkono.
Ile modi ya usiku inaunganisha picha nyingi za sekunde kadhaa. Mlima unatulia, mtu hatulii, anatoka bila kichwa au na miguu minne. Iegemeze simu juu ya jiwe, tumia kipima muda cha sekunde 3, mwambie mtu agande hadi umwite.

#51 Boda_na_Picha
Na flashi?

#52 Mzee_Tripodi
Kwa mita 85? Flashi kubwa ya namba mwongozo (kipimo cha nguvu yake) 60, f/4, ISO 800, inafika mita 42. Ya simu haifiki hata kwenye viatu vyake. Ukitaka kumwangaza mpelekee flashi huko huko, iwashwe kwa redio, nguvu 1/32 au chini, na karatasi hafifu ya rangi ya chungwa mbele yake, la sivyo anakuwa mzimu mweupe kwenye mlima wa buluu. Tochi kali msipige ovyo karibu na mpaka, askari hawajui kwamba mnapima mlima. Droni ndio kabisa: inataka kibali, na mpakani hapo hata kibali kina maswali.
Kingine: kwa mita 85 na upepo, sauti haifiki. Mpigie simu, aiweke sikioni lililo upande wa pili wa kamera. Na muombe ruhusa, mpatane malipo kabla ya jua kuzama, si baada. Mtu anayejadili bei haoni kamera.

#53 Bwana_f16
Tripodi yangu inatikisika, niongeze nini?

#54 Mzee_Tripodi
Usiinue nguzo ya katikati. Tundika begi, lakini liguse chini, likining'inia linapunga. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi kama ni lenzi ya zamani isiyotambua tripodi. Kipima muda sekunde 2. Na begi lifungwe kabla ya kurudi garini, maana Kisoro jioni ni baridi na lenzi iliyopoa ikiingia kwenye gari la joto hugeuka glasi ya soda.

#55 KijanaWaMbale
Nani kati yenu ameshapata mwezi mpevu juu ya Muhavura? Hiyo ndiyo nataka, na mtu mdogo chini.

#56 Dakika_Tatu
Kutoka Kisoro mjini hutaupata ukichomoza. Mwezi unachomoza mashariki, mlima uko kusini.

#57 KijanaWaMbale
Nisimame wapi basi?

#58 Dakika_Tatu
Magharibi ya mlima, yaani unaingia hifadhini Mgahinga au unaikaribia. Humo unakwenda na kibali na askari wa wanyamapori, na safari za vilele huanza asubuhi ili watu wawe wameshuka kabla ya jioni. Panga na wao kwanza.

#59 Nyabo_wa_Mutanda
Nimejaribu namba za uzi huu jana. Lenzi 135, f/4, ISO 3200, 1/60, mtumbwi kwa kukadiria mita 145, mtu amesimama, shati jeupe, dakika 11 baada ya jua kuzama. Picha nimeipandisha. Mtu ni sehemu moja ya kumi kamili, nimepima kwa rula kwenye skrini.

#60 Kisoro_Lenzi
Nimeiona dada. Kali sana, mtu anahesabika vidole. Lakini Muhavura bado naiona kichuguu kidogo.

#61 Mzee_Tripodi
Unaitazamia kwenye simu ya inchi sita. Ichapishe.

#62 Kisoro_Lenzi
Kwa hiyo kosa ni skrini?

#63 Kivulini
Shati jeupe mbele ya maji meupe, nilisema nguo nyeusi. Tazama #15.